Waya Jirani: Historia ya Sauti Zilizovuka Laini

Mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba 1877, muziki ulitumwa kwa simu kutoka ofisi za kampuni ya Western Union jijini New York. Waimbaji waliimba mbele ya chombo kilichobuniwa na Thomas Edison, na sauti zao zikapita katika waya wa telegrafu hadi kwa wasikilizaji wa Saratoga, Troy na Albany. Hao ndio waliokusudiwa. Lakini huko Providence, mji wa jimbo la Rhode Island, kulikuwa na watu waliokuwa wakijaribu simu zao wenyewe. Nao waliweka vipokezi masikioni wakasikia nyimbo zilezile. Waya wao haukugusana na waya wa Albany mahali popote. Ulipita tu sambamba na wenzake kwa sehemu ya safari, na hilo likatosha.

Aliyewahi kutumia simu ya mezani anaijua kero hiyo. Unaongea na shangazi, mara unasikia watu usiowajua wakipatana bei ya mahindi. Laini zimeingiliana. Kwa mtumiaji ni jambo la kukata simu na kupiga tena. Kwa mhandisi ni swali gumu: ikiwa nyaya mbili zinakwenda pamoja kwa kilomita mia, kiasi gani cha sauti ya huu kitaingia kwenye ule, na kitatokea upande gani? Cha kushangaza ni kwamba sehemu kubwa ya jibu ilikuwa imeandikwa miaka ishirini kabla ya simu kuzaliwa, na waliolihitaji hawakulisoma.

Mwanzo wake ni katika nyaya za telegrafu zilizofukiwa ardhini na kuzamishwa majini. Waya wa nguzoni ulipitisha ishara papo hapo, lakini waya uliofunikwa kwa gutta-percha, ule utomvu mgumu kutoka Asia ya Kusini-Mashariki, uliichelewesha na kuitandaza. Mwaka 1854 Michael Faraday alieleza sababu mbele ya hadhira ya Royal Institution, London. Waya ndani ya kihami chake, ukizungukwa na maji, ni ghala refu la chaji. Ghala hilo sharti lijazwe ndipo upande wa pili upate kitu, na sharti litoke tupu ndipo ishara nyingine ifuate.

William Thomson, profesa kijana wa Glasgow ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, aliyageuza maelezo hayo kuwa hesabu. Katika makala yake ya mwaka 1855 alionyesha kwamba ucheleweshaji hukua kwa kipeo cha pili cha urefu: waya ukiongezwa urefu mara mbili, ishara huchelewa mara nne. Hesabu hiyo ndiyo inayokumbukwa, kwa kuwa iliamua hatima ya kebo za Atlantiki. Lakini mwaka 1856 alipeleka Royal Society kazi nyingine ambayo haikupata umaarufu huo. Humo aliuliza: je, kebo moja ikiwa na nyaya kadhaa ndani yake, kila mmoja ukiwa na kihami chake, ujumbe wa mmoja utaufanya nini mwingine?

Alitumia mfano wa mirija ya mpira iliyojazwa maji na kufungwa pamoja kama mzigo wa kuni. Ukisukuma maji katika mrija mmoja, unavimba. Ukivimba, unawabana majirani, na maji yao yanasogea ingawa hakuna aliyeyagusa. Ndivyo chaji inayosafiri katika waya mmoja inavyosukuma chaji ya waya wa kando.

Ukiandika jambo hilo kwa hesabu, unapata mlinganyo mmoja kwa kila waya, na kila mlinganyo umebeba namba za nyaya zote. Huwezi kuutatua mmoja bila kuijua hali ya mingine. Thomson alikifungua kifundo hicho kwa kubadilisha anachokihesabu. Chukua nyaya mbili zinazofanana kabisa. Badala ya kufuatilia volti ya wa kwanza na volti ya wa pili, fuatilia jumla ya volti hizo na tofauti yake. Ghafla milinganyo inaachana. Jumla inasafiri kivyake, tofauti inasafiri kivyake, kila moja kwa mwendo wake, na hakuna inayoisumbua nyingine. Mwisho wa safari unazijumlisha na kuzitoa, na kila waya unarudishiwa volti yake. Sauti iliyovuja ni kile kinachobaki kwa sababu jumla na tofauti hazikufika kwa namna moja. Hila hiyo tutakutana nayo tena.

Wakati huo haikuhitajika sana. Mpiga telegrafu wa nchi kavu alikuwa na mikondo mikubwa, na chombo chake hakikushtuliwa na kitu kidogo. Kebo ndefu za baharini nazo kwa kawaida zilibeba waya mmoja tu wa kati. Hata kebo ya Eastern and South African Telegraph Company, iliyoiunganisha Zanzibar na Aden upande mmoja na Durban upande mwingine mwaka 1879, ilitegemea ile hesabu ya kwanza ya Thomson, ya waya ulio peke yake.

Simu iliuharibu utulivu huo. Alexander Graham Bell alipata hataza yake tarehe 7 Machi 1876, na chombo alichokiachia ulimwengu kilikuwa na sikio kali mno: mkondo ambao telegrafu isingeuhisi kabisa, simu iliugeuza kuwa sauti. Na kwa kubana matumizi, kampuni za kwanza ziliiga mtindo wa telegrafu. Kila mteja alipewa waya mmoja, na umeme ukarudi kupitia ardhini. Nguzo zikajaa nyaya pwekepweke zikienda sambamba mtaa baada ya mtaa. Mteja akainua simu na kusikia mlio wa telegrafu, maongezi ya duka la jirani, na mikwaruzo isiyo na mwenyewe.

Mwaka 1879 David Hughes, aliyekuwa ameleta kipaza sauti cha kaboni mwaka uliotangulia, alisimama mbele ya Society of Telegraph Engineers jijini London kueleza majaribio yake ya kuzuia kero hiyo. Miongoni mwa dawa alizojaribu ni kuipa kila laini waya wa kwenda na waya wa kurudi, kisha kuzisokota pamoja. Bell mwenyewe alipewa hataza ya Marekani namba 244,426 tarehe 19 Julai 1881 kwa sakiti ya simu ya namna hiyo. Jozi iliyosokotwa imekuwapo tangu hapo.

Hughes alikuwa mtu wa majaribio. Hesabu ililetwa na Oliver Heaviside, aliyezaliwa Camden Town, London, mwaka 1850, akapungukiwa na usikivu utotoni kwa ugonjwa. Aliwahi kuwa karani wa telegrafu Denmark na Newcastle, akaacha kazi mwaka 1874 akiwa na miaka 24, na hakuajiriwa tena maisha yake yote. Alisoma na kuandika nyumbani kwa wazazi wake. Mwaka 1881 jarida la chama kilekile cha wahandisi lilichapisha makala yake kuhusu nyaya sambamba. Thomson alikuwa amehesabu msukumo wa chaji peke yake. Heaviside aliingiza na nguvu ya pili: mkondo unapobadilika ndani ya waya huzaa uga wa sumaku unaobadilika, na uga huo huamsha volti katika waya wa jirani. Kwa hiyo kila jozi ya nyaya ina kamba mbili zisizoonekana kati yake, moja ya umeme na moja ya sumaku, na anayehesabu moja akaiacha nyingine amepotea.

Kwa wakubwa wa Posta ya Uingereza maandishi hayo yalikuwa hayasomeki. William Preece, mhandisi wao mwenye sauti kubwa, aliamini kwamba sumaku ya waya ni balaa tupu kwa simu. Mwaka 1887 Heaviside na kaka yake Arthur, mhandisi wa Posta huko Newcastle, waliandaa makala ya pamoja iliyofika mahali pengine kabisa, na Preece akaizuia isichapishwe. Heaviside alikufa Torquay mwaka 1925. Milinganyo ya laini inayofundishwa leo vyuoni ni yake.

Wakati wasomi wakivutana Uingereza, Marekani tatizo lilizidi kuwa la fedha. Mwaka 1888 mhandisi Frank Sprague alifungua mtandao wa tramu za umeme huko Richmond, Virginia, na miji mingine ikafuata upesi. Tramu nazo zilirudisha umeme wake ardhini, palepale simu zilipokuwa zimepitisha wake. Kelele ikawa haivumiliki. Kuipa kila laini waya wa pili kulimaanisha kununua shaba mara mbili kwa nchi nzima, na hakuna mkurugenzi aliyetaka kulipa kabla ya kujua kwa hakika ugonjwa ni upi. Ni chaji, au ni sumaku? Wengi waliamini ni sumaku.

Aliyelipata jibu ni John J. Carty, mtu ambaye hakusoma chuo kikuu. Aliingia kwenye biashara ya simu Boston mwaka 1879 akiwa kijana mdogo, akiunganisha simu za wateja. Miaka kumi baadaye, mjini New York, alieleza jaribio ambalo uzuri wake ni kwamba halihitaji kipimo chochote zaidi ya sikio.

Tandaza nyaya mbili sambamba. Wa kwanza unabeba sauti. Wa pili umetulia, ncha zake zote mbili zimeingizwa ardhini. Kama kinachouamsha waya wa pili ni sumaku, mkondo utatembea humo upande mmoja mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo simu itasikika popote utakapoiunga, hata katikati. Kama ni chaji, mambo ni mengine. Volti ya waya wa kwanza ikipanda, chaji ya waya wa pili inasukumwa, na njia fupi ya kutokea ni ncha iliyo karibu. Nusu inakimbilia kulia, nusu inakimbilia kushoto. Hapo katikati kabisa hakuna kinachopita.

Carty aliunga vipokezi kwenye ncha: sauti. Akaunga katikati: kimya. Kwa sikio tu alikuwa amethibitisha kwamba katika laini za simu za siku zake mkosaji mkubwa alikuwa chaji. Mwaka 1891 aliieleza kazi hiyo kwa kirefu katika jarida la wahandisi wa umeme wa Marekani.

Ugunduzi huo ulionyesha pia kwa nini waya wa pili unatibu. Kipokezi kikiungwa kati ya nyaya mbili, kinasikia tofauti yao tu. Jirani akizisukuma zote mbili kwa nguvu sawa, tofauti ni sifuri na mteja hasikii kitu. Tatizo ni kwamba kwenye nguzo waya mmoja daima uko karibu zaidi na jirani kuliko mwenzake. Dawa ikawa kuzipishanisha: kwenye nguzo fulani wa kushoto unahamia kulia na wa kulia kushoto, ili ule uliokuwa karibu na jirani kwa kipande hiki uwe mbali kwa kipande kinachofuata. Lakini majirani wote wakipishana kwenye nguzo zilezile, hawajasogea kwa kulinganishwa wao kwa wao. Kila jozi ilihitaji mpango wake, na John A. Barrett wa AT&T, kampuni ya simu ya Marekani, alikuwa miongoni mwa waliopanga ratiba hizo mwishoni mwa miaka ya 1880. Tarehe 18 Oktoba 1892 Bell aliketi New York na kuzungumza na Chicago, umbali wa takriban kilomita 1,500, kwa jozi ya shaba iliyopishanishwa njia nzima.

Nguzo zilipojaa, miji ikazika nyaya zake. Mamia ya jozi zikaingizwa ndani ya bomba la risasi, zikihamiwa kwa karatasi kavu. Humo hakuna nafasi ya kukwepana. Mhandisi mwingine wa AT&T, George Campbell, aliyesoma Harvard na kisha Ulaya, alilikabili jambo hilo katika kumbukumbu za ndani alizoandika mwaka 1907 na 1912. Hoja yake ilikuwa rahisi kuitamka na ngumu kuitekeleza: kinacholeta sauti ya jirani ni tofauti ya kapasitansi, yaani uwezo wa nyaya kuhifadhi chaji kati yao, hata kama kapasitansi zenyewe ni kubwa. Nyaya nne zikiwa karibu sana lakini kwa usawa kamili, hazisikiani. Karatasi ikiwa nene kidogo upande mmoja, zinasikiana.

Kanuni za Campbell zikashuka hadi kwa fundi aliyechuchumaa ndani ya shimo la barabarani. Kebo ilikuja kwa vipande, na kila kiungo kilihitaji kuunganishwa kwa mkono. Fundi alipima ukosefu wa usawa wa kila kundi la nyaya upande wa kushoto na upande wa kulia, kisha akachagua lipi liungwe na lipi, ili kosa la huku lifutwe na kosa la kule. AT&T haikuzichapisha kumbukumbu hizo hadi mwaka 1935, katika jarida la Bell System Technical Journal. Tayari kwa miaka mingi zilikuwa zimeongoza ujenzi wa kebo zake.

Kisha tamaa ikaongezeka. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wahandisi walianza kuweka mazungumzo kadhaa kwenye jozi moja kwa kuyapandisha kila moja katika masafa yake. Mfumo wa aina ya C wa mwaka 1924 ulifika karibu kilohezi 30, na aina ya J wa mwaka 1938 ukapita kilohezi 140. Masafa yakipanda, kamba zote mbili, ya umeme na ya sumaku, zinavuta kwa nguvu zaidi. Mipango ya kupishanisha iliyotosha kwa sauti ya kawaida haikutosha tena, kwa kuwa urefu wa wimbi ulikuwa umefupika na makosa hayakufutana. Mwaka 1927 John Carson na Ray Hoyt wa AT&T walichapisha nadharia kamili ya mawimbi katika nyaya nyingi sambamba, na ndani yake ilikuwemo hila ileile ya Thomson, safari hii kwa nyaya idadi yoyote.

Miaka hiyo ndiyo iliyotupa na desibeli, kipimo cha watu wa simu. Laini mbili zikitenganishwa kwa desibeli 60, nguvu inayovuka ni sehemu moja ya 1,000,000.

Miaka ya 1960 kero ilihama kutoka mitaani ikaingia ndani ya kompyuta. Hapo nyaya zilikuwa na urefu wa sentimita, lakini ishara zilipanda kwa nanosekunde, na katika bodi ya sakiti nanosekunde moja ni mwendo wa sentimita 15 hivi. Njia ya shaba ya urefu wa kiganja ikawa laini ndefu. Mwaka 1967 Ivor Catt, Mwingereza aliyekuwa amefanya kazi Motorola huko Marekani, alichapisha makala iliyowaeleza watengenezaji wa kompyuta kinachotokea.

Fuata ukingo wa ishara unavyotembea kwenye njia ya kwanza. Kila hatua unaamsha vitu viwili kwenye njia ya pili. Chaji inasukuma mkondo uelekee pande zote mbili. Sumaku nayo inaamsha mkondo unaorudi nyuma, kinyume na mwendo wa ishara. Upande wa nyuma, karibu na mtumaji, vyote viwili vinajumlishana, na kwa kuwa vinaachwa hatua baada ya hatua, vinafika kimoja kimoja kwa mfululizo. Matokeo ni kelele ya chini iliyotanda, inayodumu muda wa kwenda na kurudi. Upande wa mbele vinapingana. Vinatembea bega kwa bega na ishara yenyewe, vinalimbikizana, na kufika kwa pamoja kama mwiba mfupi. Kama njia zimezungukwa pande zote na kihami kilekile, nguvu hizo mbili ni sawasawa na mwiba unatoweka. Kama zimelazwa juu ya bodi, huku chini kuna plastiki na juu kuna hewa, hazilingani, na mwiba unakua kadiri njia inavyorefuka.

Catt aligawa kila ishara katika sehemu mbili: ile ambayo njia zote mbili zinapanda pamoja, na ile ambayo moja inapanda nyingine ikishuka. Jumla na tofauti, kama ilivyokuwa mwaka 1856. Programu zinazotumiwa leo kuchora bodi za simu za mkononi zinafanya hivyohivyo kwa matriki, yaani majedwali ya namba.

Hatua ya karibuni imegeuza adui kuwa hesabu ya kawaida. Mwaka 2010 Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano uliidhinisha kiwango cha G.993.5 kwa intaneti inayopita kwenye nyaya za zamani za simu. Mtambo wa mtaani unapima ni kiasi gani kila jozi inavujisha kwa kila jirani, unahesabu kelele itakayotokea, kisha unatuma kinyume chake pamoja na ujumbe. Kelele na kinyume chake vinakutana nyumbani kwa mteja vikafutana. Hakuna shaba mpya iliyotandazwa.

Ukiitazama historia hii nzima, nguvu hazikuwahi kushinda. Kutenganisha nyaya zaidi kulikuwa ghali, na kupaza sauti kulimwongezea jirani kelele. Kilichoshinda kila mara ni usawa, na usawa haupatikani mpaka mtu awe amekubali kukaa na kuhesabu. Waliodharau hesabu za Thomson na Heaviside walilipa kwa shaba.

Kwa hiyo neno kwa fundi wa mtandao anayefunga kebo ofisini. Ile kebo ya bluu au kijivu ina jozi nne, na kila jozi imesokotwa kwa hatua yake tofauti ili zisiwe zinageuka mahali pamoja, kama ratiba za nguzo za karne ya 19. Kwa kebo ya Kategoria 5, viwango vinakuruhusu kufungua msokoto kwa milimita 13 tu kabla ya kichwa. Anayefungua zaidi ili kazi iende haraka anairudisha laini ya mteja wake mwaka 1877. Pima, kata, acha msokoto ufike hadi mwisho.